Cardi B: Alivyopanda kutoka nafasi ya 85 hadi kileleni

KIBAO ‘Bodak Yellow’ kilipoingia katika orodha ya nyimbo 100 zinazovuma zaidi nchini Marekani mwaka wa 2017, kilishika nafasi ya 85. Kufikia orodha ya Oktoba 7 kilikuwa nambari moja, na kilidumu hapo kwa majuma matatu. Tangu Lauryn Hill mwaka wa 1998, hakuna mwanamke wa muziki wa kufokafoka aliyekuwa amefika kileleni bila kumshirikisha msanii mwingine.

Aliyevunja kimya hicho cha miaka 19 ni Cardi B, ambaye jina lake halisi ni Belcalis Almánzar. Alizaliwa jijini New York Oktoba 11, 1992, baba akiwa na asili ya Jamhuri ya Dominika na mama asili ya Trinidad. Alilelewa katika mtaa wa Bronx, ulio kitovu cha muziki huo. Aliwahi kufanya kazi dukani, kisha akawa mnenguaji katika vilabu vya usiku, kabla ya kupata umaarufu kupitia Instagram na kipindi cha televisheni cha ‘Love & Hip Hop: New York’, alichojiunga nacho mwaka wa 2015.

Kwa upande wa tuzo, mambo hayakumnyookea mara moja. Katikati ya mwaka wa 2017 aliteuliwa kuwania tuzo mbili za BET, akatoka mikono mitupu. Miezi michache baadaye, katika tuzo za BET za muziki wa hip hop, aliteuliwa mara tisa na kunyakua tano. Januari 2018 ‘Bodak Yellow’ iliteuliwa mara mbili katika tuzo za Grammy, lakini zote mbili zikamwendea Kendrick Lamar.

Hakukata tamaa. Aprili mwaka huo alitoa albamu yake ya kwanza, ‘Invasion of Privacy’, ambamo mlikuwa na kibao ‘I Like It’ kilichomrejesha kileleni. Februari 2019 aliteuliwa mara tano katika Grammy, akashinda tuzo ya albamu bora ya rap. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwaa akiwa peke yake. Hill aliipata mwaka wa 1997 akiwa na wenzake wa kundi la Fugees.

Ushindi huo una uzito wake. Orodha ya nyimbo hupangwa kwa mauzo, redio na usikilizaji wa mitandaoni, yaani mashabiki ndio waamuzi. Grammy hupigiwa kura na wanamuziki, watunzi na watayarishaji wenyewe. Kupendwa na umma ni jambo moja. Kukubalika na wanataaluma ni jingine. Kufikia mwaka wa 2021 Cardi B alikuwa na nyimbo tano zilizofika nambari moja, ilhali Grammy aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

Tuzo ya albamu bora ya rap ilianza kutolewa mwaka wa 1996. Kwa miaka mingi waliowahi kuitwaa miongoni mwa wanawake walikuwa hao wawili tu. Februari 2, 2025, jijini Los Angeles, Cardi B alipanda jukwaani kumtangaza mshindi mpya. Alipofungua bahasha, jina alilosoma lilikuwa la mwanamke wa tatu: Doechii.