Kaburi Lenye Jina

Saa nane za usiku kiboko alipanda kutoka mtoni akaanza kula majani nyuma ya hema letu. Alikula bila haraka, kama ng'ombe, na kila alipong'oa fungu la majani niliisikia mizizi ikikatika. Mhudumu wa kambi alikuwa ametuonya jioni: nje msitoke, tochi msiwashe ovyo, na atakayebanwa na haja avumilie mpaka kupambazuke. Nikalala chali nikiangalia turubai, nikimfikiria bibi yangu, ambaye utotoni alilala akiwasikia wanyama hao hao, ila yeye alikuwa ndani ya nyumba ya udongo ya baba yake, katika kijiji ambacho leo hakimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu chuo. Kutoka Dar es Salaam tulipita Mkuranga na Kibiti, tukaiacha barabara kuu ya Kusini, tukakata kuelekea magharibi hadi Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kambi yetu ilikuwa kando ya mto Rufiji: mahema machache, banda la kulia chakula lililoezekwa makuti, na mtandao wa simu unaopatikana ukisimama juu ya kichuguu. Kwenye meza ya mapokezi palikuwa na kipeperushi kilichosema kwamba hapa ni pori ambalo halijawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Nilikisoma mara mbili, nikakikunja, nikakitia mfukoni.

Bibi ni Mngindo. Alizaliwa upande wa Liwale, na alipokuwa mtoto mdogo serikali ya Waingereza iliwahamisha. Anachokumbuka ni kuku waliofungwa miguu, mama yake amebeba kinu kichwani, na moshi nyuma yao. Nilipomwambia kwamba nakwenda kutembea porini, alicheka, akauliza kama nimekosa pa kupeleka hela. Kisha akasema: "Ukiona mwembe, jua pana watu. Mwembe hauji wenyewe porini."

Asubuhi ya pili tuliondoka kabla ya jua. Gari lilipita kando ya maziwa ambayo Rufiji huyaacha kila unapobadili njia yake, Nzerakera, Manze, kisha Tagalala. Mivumo imesimama majini kama nguzo za nyumba iliyoungua, na kwenye vichwa vyake wamekaa tai wavuvi. Tuliwaona twiga wengi. Dereva akatuambia kwamba ng'ambo ya kusini ya mto huwapati. Rufiji ndio mpaka wao. Mchana ulipoanza kuwa mkali tulishuka tukatembea kwa miguu, mbele yetu askari wa uhifadhi na bunduki yake, nyuma yetu mwongozaji. Tulikuwa Beho Beho.

Kaburi lipo peke yake: bamba la saruji na kibao cha shaba kilichoandikwa cheo, jina, kikosi na tarehe. Kapteni Frederick Courteney Selous aliuawa hapa tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65. Alikuwa mwindaji mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake. Mwaka 1890 aliuongoza msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, safari iliyozaa koloni la Rhodesia. Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt kupanga safari yake ya uwindaji Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikwisha kuwa mzee, lakini alibembeleza mpaka akapokelewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, akaletwa kupigana na Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck. Risasi ilimpata alipokuwa akichungulia adui walipo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1922, Waingereza walilipa jina lake pori lote hili.

"Afande," nilimuuliza yule askari, "na wengine wamezikwa wapi?"

"Wengine wepi?"

"Wapagazi."

Aliangalia nyasi, akaonyesha kwa kidevu pande zote.

Vita vile vilipiganwa kwa vichwa na mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi, punda na maksai, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa na mtu. Kwa miaka minne Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokaribia milioni moja, wengi wao kwa nguvu, na kwa hesabu rasmi waliokufa ni kama 95,000. Wachache walikufa kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao walichukua wapagazi vijijini, na chakula pia. Mvua za mwanzo wa mwaka 1917 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Rufiji ulifurika, na majeshi yakakwama kwenye matope haya haya, askari wa Nigeria waliokuwa wameletwa na Waingereza wakiishi kwa nusu posho. Kama askari alikula nusu, msomaji anaweza kukisia mpagazi alikula nini.

Ukienda Kariakoo kununua kitambaa au simu, unatembea juu ya kumbukumbu yao. Jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Lakini kaburi lenye jina la mpagazi ni kitu adimu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo kwenye simu, ndani ya daladala, nikaipita. Nilipoliona lile bamba la saruji, limefagiliwa, majani yamefyekwa kulizunguka, ndipo takwimu ile iliponirudia.

Tulipumzika chini ya mti, tukala mayai ya kuchemsha na chapati. Rafiki yangu, ambaye ni mwalimu wa Historia, alisema kitu ambacho kilibadili safari yangu. Alisema hili pori lina umri, kama mtu.

Tukaanza kuhesabu. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitunga sheria za uwindaji na kutenga mapori ya kwanza ya akiba katika koloni la Wajerumani. Moja lilikuwa huku Rufiji. Tangu hapo mwenyeji aliyewinda alivyowinda babu yake akawa mhalifu. Miaka tisa baadaye, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walikataa kulima pamba ya serikali, na Vita vya Majimaji vikaanza. Ngarambe, alikotokea Kinjikitile Ngwale na maji yake, ipo upande wa mashariki wa pori hili. Wengi wetu tulimjua kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein tuliyosomeshwa sekondari, tukakariri dhamira na wahusika, wala hatukuambiwa kwamba unaweza kwenda mpaka kijijini kwake. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kisha wakatumia silaha kubwa kuliko bunduki: walichoma maghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Shamba lisilolimwa halikai miaka mingi kabla ya kuwa kichaka. Kichaka kinaleta nguruwe, nyati na tembo. Wanyama wanaleta mbung'o. Mbung'o wanaleta malale, na malale yanawafukuza watu waliobaki. Mwanahistoria Helge Kjekshus aliliandika hili kwa kirefu mwaka 1977: kabla ya ukoloni, wakulima na wafugaji wa nchi hii walikuwa wameyadhibiti mazingira yao, na vita, njaa na maradhi ndivyo vilivyowanyang'anya udhibiti huo. Baada ya Majimaji ikaja vita ya Selous na wapagazi. Katika miaka ya 1940 Waingereza, wakitaja malale, wakawaondoa watu wa upande wa Liwale na kuwakusanya katika vijiji vikubwa. Pori likapanuliwa juu ya mahame yao. Mwishowe Selous ilifikia karibu kilomita za mraba 50,000, kubwa kuliko nchi ya Uswisi. Mwaka 1982 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nilikitoa kile kipeperushi mfukoni, nikamsomea rafiki yangu ile sentensi kuhusu mkono wa binadamu. Mwongozaji alitusikia. Alikuwa kijana wa Mloka, na hakukasirika.

"Kaka, hayo wanaandikiwa wageni," alisema. "Mimi babu yangu alivua Tagalala."

Askari alinyamaza muda mrefu, kisha akasema lake. Yeye aliajiriwa wakati majangili wanaua tembo kila wiki. Tembo wa mfumo huu walikuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970; sensa ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 hivi. Amekuta mizoga iliyokatwa nyuso kwa shoka. "Watu wakirudi kulima hapa," aliuliza, "wale mbwa mwitu tuliowaona asubuhi watakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Niliwafurahia mbwa mwitu wale kuliko nilivyotarajia. Walikuwa wamelala kivulini, masikio yao makubwa yakigeuka geuka, na nilijua kwamba wapo pale kwa sababu watu kama bibi yangu hawapo.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori, kilomita za mraba 30,893, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sehemu ya kusini imebaki Pori la Akiba la Selous. Jina la mwindaji limeondolewa langoni na la Mwalimu likawekwa, na bwawa la umeme la megawati 2,115 limejengwa kwenye korongo ambalo kwa zaidi ya miaka 100 liliitwa kwa jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa huko na tembo mwaka 1907. Nilifurahi kuliona jina la Mwalimu. Lakini nilipomuuliza mwongozaji majina ya zamani ya vijiji vilivyokuwa huku, aliyajua mawili tu, nayo aliyapata kwa babu yake.

Njiani kurudi kambini nilitafuta miembe. Niliona mikwaju, mibuyu na mikoche. Mwembe sikuuona hata mmoja. Ilinichukua mpaka jioni, nikiwa na ramani mezani na kikombe cha chai ya tangawizi, kukubali nilichopaswa kukijua kabla sijalipa nauli: nilikuwa nimekuja upande usio wake. Mahame ya bibi yapo mbali kusini, ng'ambo ya mto, kwenye vitalu vya uwindaji ambako mtu hafiki kwa kununua tiketi ya utalii. Nilikuwa nimelala siku mbili kwenye pori lilelile lililommeza kijiji chake, na bado nilikuwa mbali naye kwa safari ya siku kadhaa.

Niliporudi Dar nilikwenda kumwona Mbagala, anakoishi na mjomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeiona miembe?"

"Sikuiona. Nimeona kaburi la Mzungu."

"La vita?"

"La vita ya kwanza."

Alifikiri. "Limefyekewa?"

"Limefyekewa, bibi. Safi kabisa."

"Basi ana watu wake," alisema.

Kisha akaniambia kwamba baba wa baba yake alichukuliwa mzigo wakati wa vita hiyo. Walikuja watu na kamba wakati wa kuvuna mtama. Hakurudi. Nimeishi miaka 29 bila kulijua jambo hilo, na yeye ameishi nalo zaidi ya 80, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimwomba jina lake. Alilitaja. Nikachukua daftari, nikaomba na jina la kijiji, na la mto waliochota maji, na la jirani wa kushoto na wa kulia. Aliyataja moja moja, akifumba macho, akitembea kichwani mwake kutoka nyumba hadi nyumba. Alipofika mwisho wa njia tulikuwa na majina 14. Akanitaka nimsomee yote kuanzia mwanzo, na mawili akanisahihisha.