Kufundisha Kingereza mu Japani na Korea: kazi inapatikana, rafiki anatafutwa

Kila mwaka, kati ya mwisho wa mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa nane, vijana kutoka Marekani, Uingereza, Australia, Afrika ya Kusini na inchi zingine wanashuka Tokyo na masanduku mawili na kontra ya mwaka moja. Wanapewa mafunzo ya siku chache, kisha kila mumoja anafuata njia yake: huyu kwenye muji mukubwa, yule kwenye kisiwa cha wavuvi, mwengine kwenye kijiji cha milimani ambako atakuwa mugeni peke yake. Programu hiyo inaitwa JET. Serikali ya Japani iliianzisha mwaka 1987, na mwaka huo wa kwanza walifika watu 848 kutoka inchi ine tu. Kontra inaongezwa mwaka kwa mwaka, lakini haipiti miaka mitano. Korea Kusini nayo iko na programu ya namna hiyo, EPIK, tangu mwaka 1995.

Kwa mwalimu musaidizi, JET inaomba diploma ya chuo kikuu. Kujua Kijapani si lazima. Basi kijana wa miaka 23 anapewa funguo za nyumba, anaonyeshwa duka na kituo cha gari la moshi, halafu mulango unafungwa. Mushahara utafika, nyumba iko, umeme haukatike. Muntu wa kuongea naye ndiye hayuko.

Huku kwetu wengi watashangaa: mwalimu anakosaje watu, na shule imejaa watu? Jibu liko ndani ya chumba cha walimu. Katika shule za Japani, walimu wote wanakaa ndani ya chumba kimoja kikubwa, meza zimegusana, naibu wa direkta mbele anaona wote. Asubuhi kila muntu anasalimia kwa sauti. Kisha kichwa kinainama juu ya karatasi mpaka usiku, juu walimu wa kule wanabeba pia kazi ya michezo na vikundi vya wanafunzi baada ya masomo. Walio wengi walisoma Kingereza cha kuandika mutihani, si cha kuzungumza, na wanaona haya kukosea mbele ya mwenye lugha. Mugeni naye anafikiri wamemukataa. Tena mara nyingi anagawiwa kwa shule mbili, tatu au zaidi: siku ya kwanza yuko hapa, siku ya pili kule, na hakuna shule inayomuhesabu kuwa muntu wake kabisa. Aliletwa juu ya kuzungumzisha watoto, na yeye mwenyewe anaweza kumaliza siku ya kazi bila kuzungumza na mukubwa mwenzake.

Mulango wa karamu

Kimya hicho kinavunjika kwa meza ya chakula na pombe. Wajapani wanaita karamu ya wenzi wa kazi nomikai, na ile kubwa ya kufunga mwaka, mwezi wa kumi na mbili, inaitwa bonenkai. Kila muntu anachanga, mara nyingi yeni 3000 mpaka 5000. Hakuna anayekunywa mbele ya wote kuinua glasi pamoja na kusema kanpai. Na hakuna anayejimiminia mwenyewe: unamumiminia jirani, jirani anakumiminia. Desturi hiyo iko na akili, juu inalazimisha kila muntu kuangalia kama mwenzake ana kitu ndani ya glasi. Mwalimu wa hesabu ambaye tangu mwezi wa nane hajasema neno, usiku ule anatoa Kingereza chake chote, anauliza habari ya wazazi, anacheka. Kesho asubuhi amerudi kwenye kimya chake. Mugeni asivunjike moyo: mambo ya jana hayakufutika, ila chumba cha walimu si mahali pake.

Korea karamu hiyo inaitwa hoesik. Mudogo anapokea glasi ya mukubwa kwa mikono mbili, na wakati wa kunywa anageuza uso kando. Kwa muntu aliyelelewa Kivu au Ituri, ambako kitu cha mukubwa hakipokelewi kwa mukono wa kushoto, somo hili haliko nguvu kulishika.

Asiyekunywa anafanyaje? Anaagiza chai ya baridi au juisi, anainua glasi pamoja na wengine, na anaendelea kuwamiminia wenzake. Kinachoangaliwa ni kuwa pale. Mwenye kukataa mwaliko mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu wanaweza kufikiri wanamusumbua, na mwaliko hauji tena. Jambo moja tu halina mchezo: Japani, muntu aliyekunywa hagusi usukani hata kidogo, na sheria inaweza kumukamata pia aliyemupa gari au aliyekaa pembeni yake akijua.

Nani anaanza kusalimia?

Hapa wageni wengi wanakosea bila kujua. Huku kwetu, familia ikihamia kwenye avenue mupya, majirani ndio wanakuja kuangalia: mama mumoja na maji, mwengine na makala ya kuwasha moto, watoto wakisimama kwa mulango. Japani ni kinyume. Aliyehamia ndiye anapiga hodi kwa majirani na zawadi ndogo mukononi, kitambaa cha kunawia au biskwiti, anasema jina lake na kuomba wavumiliane. Mugeni anayekaa ndani akingojea wamutembelee anaweza kungojea mwaka muzima, naye atasema watu wale ni wabaridi. Vilevile akitoka safari: anarudi na sanduku la vitamu, kimoja kimoja kimefungwa peke yake, anakiweka juu ya meza ya kila mwalimu. Ni kitu cha feza kidogo, lakini kinafungua midomo.

Kwa urafiki unaodumu, kilabu kinashinda baa. Wale waliopata rafiki wenyeji mara nyingi waliwapata kwenye kitu chenye siku yake: ngoma za taiko, mazoezi ya upinde, timu ya mupira, masomo ya Kijapani ambayo wenyeji wa kujitolea wanatoa kwa bei ndogo ao bure kwenye nyumba za komine. Wakati wa matsuri, sikukuu ya kartie, wanaume na wanawake wanabeba mabegani kihekalu kizito, na mikono inayokosekana inakaribishwa. Pale hakuna anayeuliza sarufi. Korea kuna pia makanisa, mengi ya Kiprotestanti, na Seoul kuna yale yenye ibada kwa Kingereza. Hii ni ya muhimu kwa walimu wa hagwon, shule za binafsi za saa za nyuma ya masomo, juu wanafundisha mchana mpaka usiku, na wanapotoka wenye kazi za kawaida wamelala.

Baa zenyewe zimejaa wageni wenzao, kama kwenye kartie ya Itaewon, Seoul. Si vibaya: miezi ya kwanza muntu anahitaji kucheka kwa lugha yake. Lakini ni marafiki wa kontra. Mwezi wa nane ukifika, nusu ya meza imeenda kwao, na mwenye kubaki anaanza upya.

Pale urafiki ulikatazwa

Nova ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za kufundisha mazungumzo ya Kingereza mu Japani. Ilikuwa inakataza walimu wake kuonana na wanafunzi nje ya shule. Si watoto tu, hata watu wazima. Kukataza kwa watoto kunaeleweka. Lakini muntu wa miaka 30 kukatazwa kunywa kahawa na mwanafunzi wa miaka 40 ni jambo lingine, na chama cha mawakili cha Osaka kilisema katazo hilo linagusa haki za binadamu.

Mwezi wa kumi mwaka 2007, Nova ikaanguka. Maelfu ya walimu walibaki bila mushahara, na kuna waliotishwa kufukuzwa ndani ya nyumba, juu kampuni ilikuwa inawakata kodi na haikuwa inaipeleka kwa wenye nyumba. Hapo ilionekana nani alikuwa na watu na nani hakuwa nao. Kuna walimu waliofundisha wanafunzi wao wa zamani ili walipwe chakula. Wale wanafunzi waliokuwa wamekatazwa kuwa marafiki ndio waliokuja na chakula.

Mulango ambao haukufunguka kwa wote

Wenye kuota kazi hii ndani ya Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira wajue kitu kimoja mbele ya kutoa franga. Viza ya Korea ya kufundisha Kingereza, E-2, kwa kawaida inapewa raia wa inchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Irelandi, Australia, Zelandi Mpya na Afrika ya Kusini. JET nayo inaajiri raia wa inchi zilizopatana na Japani, na haiombi muntu alipe ili apewe nafasi. Ujumbe wa WhatsApp unaoahidi mwenye paspoti ya Kongo nafasi ya ualimu Seoul, akituma kwanza dola za dosie, ujibiwe kwa kuufuta. Mwenye asili ya Kongo aliyekuwa raia wa Marekani, Kanada ao Australia, yeye anaweza kuomba kama raia mwengine yeyote wa inchi hiyo. Lakini ajitayarishe: walimu weusi wengi wameeleza namna watoto wanawagusa nywele, na namna kiti cha pembeni yao ndani ya gari la moshi kinabaki bure hata watu wakisimama.

Upweke mara nyingi haupigi siku za kwanza, wakati kila kitu ni kipya. Unakuja baadaye, baridi ikianza, ndani ya nyumba ambazo zinapashwa joto chumba kimoja kimoja. Tokyo kuna TELL, laini ya simu iliyoanzishwa mwaka 1973, ambako wenye Kingereza wanapiga na kusikilizwa bila kutaja jina. Na kwa watu wa JET, karatasi ya kuuliza kama muntu ataongeza mwaka inapita katikati ya baridi, kwenye mwezi wa kwanza ao wa pili. Wengi wanaijaza wakiwa wameketi peke yao chini ya blanketi, miezi miwili mbele ya maua ya mwezi wa ine, wakati kilabu na sikukuu za kartie zinaanza tena.