Jina, Kipawa na Ufundi

Watu wengi hudhani ya kuwa jina la mtu ni dalili ya yale atakayokuwa. Mtoto akiitwa Baraka, wazee hungojea heri. Akiitwa Mashaka au Taabu, jirani hutikisa kichwa. Hali kadhalika shuleni: mtoto akishindwa na hesabu mara mbili, husemwa, "Huyu hakupewa." Sisi walimu nasi tumepata kulisema neno hilo. Basi leo twapenda kuyatazama maneno haya, tuone yametoka wapi, na kama yatupa ruhusa ya kumkatia mtoto hukumu mapema.

Tuanze na maneno yatajayo uwezo wa mtu. Kipawa na kipaji yote mawili yatoka katika neno kupa. Kipawa ni kitu ambacho mtu amepawa, yaani amepewa bila ya kukinunua. Ndiyo maana wazee husema, Mpaji ni Mungu. Akili ni neno la Kiarabu, na shina lake ni moja na jina la kamba ya kumfungia ngamia mguu asipotee. Basi mwenye akili, kwa maana ya asili, ni mtu awezaye kujizuia, wala si mwepesi wa kujibu tu. Talanta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha kwa Wayunani. Iligeuka kuwa jina la uwezo kwa sababu ya mfano ulio katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, ambamo mtumwa mmoja aliifukia talanta yake ardhini, akakemewa na bwana wake. Hakukemewa kwa kuwa alipewa moja tu. Alikemewa kwa kuwa hakuitumia.

Lakini liko neno jingine, nalo ni fundi. Kufunda ni kufundisha, na katika shina hilo tumepata mwanafunzi, mafunzo, na fundi mwenyewe. Hakuna azaliwaye fundi. Wachonga milango wa Lamu na Unguja, na waunda majahazi, walikaa miaka mingi chini ya mkono wa wakubwa wao kabla ya kuaminiwa na kazi. Lugha yetu, basi, yasema mambo mawili pamoja: kipawa hutolewa, ufundi hufundishwa.

Na majina je? Mengi hayatokani na tabia ya mtoto, maana siku apewapo jina tabia yake haijajulikana. Juma na Hamisi huitwa kwa siku waliyozaliwa. Chausiku kwa saa. Masika kwa majira. Pili na Tatu kwa hesabu ya watoto. Petro kwa Kiyunani ni mwamba, na Filipo ni mpenda farasi, ingawa akina Filipo wengi wa nchi zetu hawajapata kupanda farasi hata siku moja.

Tena yako majina yaliyowapata watu bila ya wao kuulizwa. Zamani za biashara ya watumwa alikuwako mtoto wa Kiyao, umri wake yapata miaka kumi na miwili, aliyetekwa kwao, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi. Jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Akaitwa Sidi Mubarak Bombay. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika huko. Mubarak ni aliyebarikiwa. Na Bombay ni mji. Hebu fikirini: mtoto aliyenyang'anywa mama na nchi, akaitwa aliyebarikiwa.

Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Afrika. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta katika kituo cha askari wa Sultani karibu na mto Pangani. Wakasemezana naye kwa Kihindustani, lugha aliyojifunza utumwani. Mwaka 1858 alifika na Speke kwenye ziwa la Nyanza. Miaka ya 1860 mpaka 1863 alisafiri na Speke na Grant. Mwaka 1871 alikwenda na Stanley mpaka Ujiji. Na miaka ya 1873 mpaka 1875 alivuka bara zima na Cameron, toka Bagamoyo hata pwani ya Angola. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikampa malipo ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885.

Lililomfikisha huko si jina, maana akina Mubarak walikuwa wengi sokoni. Alikuwa na kipawa cha lugha na cha kuongoza watu, lakini kipawa hicho kilipata ufundi kwa miaka ya safari, njaa na maneno ya watu. Lau angalihukumiwa siku ile alipouzwa, nani angalidhani atavuka Afrika kwa miguu yake?

Basi, ninyi wazazi, na sisi walimu wenzenu, tusiharakishe kusema, "Huyu hakupewa." Aliyepewa tutamjuaje kabla hatujamfunda? Na ninyi wanafunzi mnaosoma haya, jina mlipewa, na kipawa mlipewa. Ufundi haujatolewa bado. Huo ndio ulio mikononi mwenu.