KUHESABIWA NA KUKUA
Mama na Mtoto katika Vitabu vya Kanisa na Mizani ya Kijiji

Sura ya pili ya Injili ya Luka huanza na watu kuhesabiwa na humalizika na mtoto kukua. Mwanzoni, amri ya Kaisari Augusto inamtoa Mariamu nyumbani kwake akiwa mjamzito, ili majina yaandikwe. Mwishoni, mwinjili huyo, ambaye mapokeo ya Kanisa humtambua kuwa tabibu, anaona vema kutaja kimo cha kijana Yesu pamoja na hekima yake. Kati ya mambo hayo mawili limo swali ambalo kila kizazi hulijibu kwa namna yake: watu wanapohesabiwa, mama na mtoto hupata faida gani? Katika miaka mia moja inayoadhimishwa na kitabu hiki, swali hilo limeulizwa pia katika Nyanda za Juu Kusini, na sehemu kubwa ya jibu lake imetoka katika vijiji vya nyanda hizo.

Vitabu vya Wachungaji wa Uswidi

Utafiti wa afya ya jamii nzima hudhaniwa mara nyingi kuwa ni kazi ya vyuo vikuu vya siku hizi. Kwa kweli mmojawapo wa misingi yake ya kwanza uliwekwa katika nyumba za wachungaji wa Kilutheri. Sheria ya Kanisa ya Uswidi ya mwaka 1686 iliwaagiza wachungaji kutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko, pamoja na orodha ya watu wa kila kaya. Mwaka 1749 nchi hiyo, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Ufini, ilianza kujumlisha habari za vitabu hivyo katika majedwali ya taifa zima. Kila mchungaji alijaza ni wangapi wamezaliwa katika usharika wake, ni wangapi wamekufa, wakiwa na umri gani na kwa sababu gani.

Majedwali ya kwanza yalileta majonzi. Mwaka 1751 tume iliyoyachunguza ilieleza kwamba wanawake 651 walikuwa wamekufa kwa uzazi, na kwamba angalau 400 kati yao wangeweza kuokolewa kama wakunga wangetosha. Tangu hapo hesabu ikageuka kuwa wajibu. Sharika ziliombwa kila moja kumtuma mwanamke mmoja Stockholm akajifunze ukunga, kisha arudi kuwahudumia wenzake. Kazi hiyo haikwenda haraka, kwa kuwa sharika nyingi zilikuwa maskini na njia zilikuwa ndefu. Hata hivyo idadi ya wakunga iliongezeka, na mwaka 1829 waliruhusiwa kutumia vyombo vya kumtoa mtoto pale uchungu unapokwama. Vifo vya akina mama, vilivyokuwa takriban 900 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1751, vilishuka hadi takriban 230 ilipofika mwaka 1900. Mafanikio hayo yalipatikana kabla ya kugunduliwa kwa penisilini.

Vitabu hivyo vilifichua pia mateso ya watoto. Huko Nedertorneå, kaskazini kabisa mwa Uswidi, watoto wapatao 4 kati ya 10 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mama wa huko hawakuwa na desturi ya kunyonyesha. Watoto walilishwa maziwa ya ng'ombe kwa pembe. Watu wa mbali waliwasema mama hao kuwa hawana upendo. Daktari wa wilaya, Carl Josua Wretholm, aliyefanya kazi huko kuanzia miaka ya 1830, alichagua njia nyingine: pamoja na wakunga alifundisha unyonyeshaji nyumba kwa nyumba, na katika muda wa kizazi kimoja vifo vya watoto vilipungua sana. Tofauti kati ya lawama na mafundisho ilionekana wazi katika daftari la maziko.

Kitabu cha Ubatizo na Kadi ya Kliniki

Wamisionari wa Berlin waliofika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na baadaye kusonga hadi Ubena na Uhehe, walikuja na desturi hiyo hiyo ya vitabu. Katika vitabu vya ubatizo na maziko vya miaka ya mwanzo ya misheni, majina ya watoto wachanga na ya mama zao hukaa pamoja na majina ya waasisi wa imani. Kwa watu ambao serikali ya kikoloni iliwahesabu hasa kwa ajili ya kodi na kazi za mashamba, haikuwa jambo dogo kuandikwa katika kitabu kwa sababu ya kupendwa.

Hata hivyo kitabu cha kanisa kina mpaka wake. Kitabu cha maziko husema kwamba mtoto amekufa. Hakisemi kwamba miezi sita kabla ya hapo alikuwa ameacha kuongezeka uzito. Ili kifo kizuiwe ilihitajika hesabu ya namna nyingine, yaani hesabu ya mtoto angali hai. Hatua hiyo ilipigwa katika miaka ya 1950 huko Imesi-Ile, kijiji cha magharibi mwa Nigeria, ambako daktari David Morley, akiwafuatilia watoto wa kijiji tangu kuzaliwa, aliandaa kadi yenye mistari ya ukuaji. Kila mwezi uzito wa mtoto uliwekewa nukta, na nukta zikaunganishwa. Mstari uliopanda ulikuwa furaha. Mstari uliolala ulikuwa onyo, hata kama mtoto bado anacheza. Jambo la busara kuliko yote ni kwamba kadi ilikaa kwa mama. Kadi za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi, nazo zikawa kitu cha kawaida katika kliniki za mama na mtoto nchini Tanzania.

Mizani Chini ya Mti

Mwaka 1973 Tanzania ilianzisha kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe. Miaka kumi baadaye, Desemba 1983, ulizinduliwa Mpango wa Lishe wa Iringa, kwa ushirikiano wa Serikali, WHO na UNICEF, na kwa fedha za Serikali ya Italia. Mkoa wa Iringa wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, Makete na Ludewa. Vijiji 168 vilichaguliwa, vyenye watoto wapatao 46,000 walio chini ya miaka mitano.

Wengi walishangaa kwamba Iringa ilichaguliwa. Mkoa huo ulikuwa mmoja wa mikoa iliyolisha taifa kwa mahindi. Lakini vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto, asilimia 55.9, walikuwa na uzito pungufu, na asilimia 6.3 walikuwa na utapiamlo mkali. Njaa ilikuwamo katika nyumba zenye maghala.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Mizani ilitundikwa kwenye tawi la mti au boriti ya nyumba, mtoto akaning'inizwa ndani ya mfuko wa kitambaa, na wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe wakaandika uzito wake. Mtoto aliyeanguka katika alama ya hatari alijulikana siku ile ile. Kisha takwimu zilisomwa mbele ya halmashauri ya kijiji kabla ya kupelekwa kata, wilaya na mkoa. Hapo ndipo mpango huu ulipotofautiana na tafiti nyingi zilizoutangulia, ambazo zilipima watu, zikaondoka na madaftari, na hazikurudi tena. Wanakijiji walipima hali, wakajadili sababu, wakatenda, kisha wakapima tena.

Majadiliano hayo yalileta jambo ambalo mizani peke yake isingeweza kulisema. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, na uji mzito wa mahindi humshibisha kabla hajapata nguvu za kutosha. Anahitaji kula mara nyingi kwa siku, lakini alikuwa akilishwa mara mbili au tatu tu. Kwa nini? Kwa sababu mama aliondoka alfajiri kwenda shambani, akatoka huko kwenda kutafuta kuni, akateka maji, akarudi jioni kuwasha moto. Mama hakukosa upendo, na mara nyingi hakukosa chakula. Alikosa muda na msaidizi. Wazee wa vijiji, ambao walikuwa wamezoea kuliona suala la uji kuwa la jikoni, walilazimika kulijadili katika mkutano kama suala la kijiji kizima. Katika vijiji vingi vilianzishwa vituo vya kulelea watoto mchana. Yalihimizwa pia matumizi ya kimea, unga wa mtama au ulezi uliooteshwa, maarifa ambayo bibi waliyajua tangu zamani kwa kutengenezea pombe. Kijiko kidogo cha unga huo hulainisha uji mzito, hata mtoto akaweza kula wa kumtosha.

Tathmini ya mwaka 1988 ilionyesha kwamba utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na uzito pungufu kwa jumla kutoka asilimia 55.9 hadi 38.0. Mafunzo ya Iringa yalichangia mwongozo wa lishe ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990 na ambao ulitumiwa katika nchi nyingi. Hivyo wanawake wa nyanda hizi, ambao wengi wao majina yao hayamo katika kitabu chochote isipokuwa cha ubatizo, waliufundisha ulimwengu.

Shingo ya Mama

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo haikuhitaji mizani. Katika Nyanda za Juu Kusini, rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingo, lilikuwa jambo la kawaida, hata wengine wakalihesabu kuwa sehemu ya umbo la mwanamke. Sababu yake ni upungufu wa madini joto, ambayo mvua za miaka mingi zimeyaosha kutoka katika udongo wa milimani. Hatari kubwa haimo katika shingo bali katika tumbo la uzazi: mtoto anayekosa madini hayo kabla ya kuzaliwa anaweza kudhurika ubongo asiweze kurudishiwa alichopoteza.

Kuanzia mwaka 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zaidi ya 20 zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 chumvi ikaanza kutiwa madini hayo kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2009 watafiti Field, Robles na Torero walichapisha utafiti kuhusu watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa na vidonge hivyo wakati wa ujauzito. Waliona kwamba watoto hao, hasa wasichana, walifika mbali zaidi shuleni. Watafiti wengine waliorudia hesabu hizo baadaye hawakupata uhakika wa kiasi hicho. Lakini juu ya haja ya madini joto kwa mjamzito hakuna ubishi, na rovu zilizokuwa zikionekana ibadani kila Jumapili zimepungua sana.

Deni la Karne ya Pili

Historia ya kweli haiishii katika mafanikio. Fedha za mpango zilipokwisha, siku za afya zilififia katika vijiji vingi. Ukimwi nao ulizipiga nyanda hizi kuliko sehemu nyingine za nchi; utafiti wa mwaka 2011–2012 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 katika mkoa wa Njombe, na watoto wengi wakabaki mikononi mwa bibi zao.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 unaleta habari mbili. Ya kwanza ni ya shukrani: makadirio ya vifo vya uzazi nchini yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–2016 hadi 104. Ya pili ni ya huzuni: wakati udumavu kwa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano, katika Iringa ulikuwa takriban asilimia 57 na katika Njombe asilimia 50. Mkoa uliopata kuwa mwalimu wa ulimwengu umekuwa wa mwisho darasani.

Mizani ya miaka ile ilipima uzito, wala si kimo. Mtoto aliyedumaa huweza kuwa na mashavu mazuri. Na katika kijiji ambamo nusu ya watoto ni wafupi, ufupi hauonekani, kwa maana jicho humlinganisha mtoto na jirani yake. Ndiyo sababu upimaji wa jamii nzima unahitajika. Aidha, udumavu huanza mapema, mara nyingi kabla ya kuzaliwa, kwa mama mwenye upungufu wa damu na anayebeba mizigo hadi mwezi wa tisa. Utafiti uliofanyika kuanzia mwaka 2009 katika nchi nane, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ikiwa mojawapo ya vituo vyake, uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa na kuonyesha kwamba vijidudu vya tumboni hupunguza ukuaji hata pale mtoto asipoharisha. Uji peke yake, basi, hautoshi bila maji safi na choo.

Wachungaji wa Uswidi walikuwa na karatasi na wino tu, lakini hesabu yao iliwapeleka wanawake kujifunza ukunga. Wanakijiji wa Iringa walikuwa na mizani tu, lakini hesabu yao iliwafanya wanaume wajadili mzigo wa mama. Katika hali zote mbili watoto waliokolewa pale takwimu zilipobaki karibu na watu waliohesabiwa, na watu hao wakaulizwa watafanya nini. Usharika unaoingia karne yake ya pili una kitabu cha ubatizo kinachomjua kila mtoto kwa jina. Wazee wa kanisa na Umoja wa Wanawake wanaweza kuuliza, siku ya ubatizo, kama mama amepumzika, kama kadi ya kliniki ina mstari unaopanda, na kama kimo kimepimwa. Maswali hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mtu wa kurudi baada ya miezi mitatu kuuliza tena.