Kutembea kama Zoezi: Aina, Vipimo na Mipaka Yake

Kutembea ni mwendo wa miguu ambao ndani yake angalau wayo mmoja hubaki umegusa ardhi wakati wote. Sifa hiyo ndiyo inayoutenga na kukimbia, ambako katika kila hatua mwili wote huwa hewani kwa kitambo kifupi. Mzunguko kamili wa mguu mmoja, tangu kisigino kinapogusa chini hadi kinapogusa tena, una awamu mbili: ya kukanyaga, inayochukua takriban asilimia 60 ya muda, na ya kupeleka mguu mbele, inayochukua asilimia 40 iliyosalia. Kwa kuwa awamu ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili, mara mbili katika kila mzunguko miguu yote miwili huwa chini kwa pamoja. Mwendo huu ni wa kale mno. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6, na waliozikanyaga walitembea wima kwa miguu miwili.

Swali la kama kutembea ni zoezi halisi linadai kwanza kutenganisha istilahi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Shughuli ya mwili ni mjongeo wowote unaofanywa na misuli na kutumia nishati. Kufua, kulima na kupanda ngazi vyote vimo. Zoezi ni shughuli ya mwili iliyopangwa, inayorudiwarudiwa, na yenye lengo la kukuza au kuhifadhi siha. Siha ni hali ya mwili wenyewe: uwezo wa moyo na mapafu, nguvu na ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, na uwiano wa mafuta na misuli. Mgawanyo huu uliandikwa na Caspersen, Powell na Christenson wa Marekani mwaka 1985, na fani bado inautegemea. Kwa mujibu wake, mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu kilomita nne kila asubuhi anafanya shughuli ya mwili tu, ilhali mstaafu anayezunguka uwanja wa mpira jioni anafanya zoezi, hata kama mwanafunzi ameenda mbali zaidi na kwa kasi zaidi. Tofauti baina yao ni ya nia, na misuli haina habari na nia. Kinachoufikia moyo ni kasi, mwinuko, mzigo na muda. Vinne hivyo, si jina la shughuli, ndivyo vinavyostahili kuamua kama kutembea fulani kunahesabika.

Ukali wa shughuli hupimwa kwa meti. Meti moja ni nishati anayotumia mtu aliyekaa kimya, inayokadiriwa kuwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, au takriban kilokalori moja kwa kilo kwa saa. Shughuli zilizo chini ya meti 3 ni nyepesi. Za meti 3 hadi 5.9 ni za wastani. Za meti 6 na kuendelea ni kali. Kutembea kwa kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mtu anayekagua bidhaa sokoni, hakufiki meti 3. Kwenye kilomita 5 kwa saa, katika tambarare, mwendo huingia kundi la wastani kwa meti 3.5 hivi, na kwenye kilomita 6.5 hukaribia meti 5. Kupandisha mlima kwa bidii huvuka meti 6 na kuingia kundi kali. Mtu wa kilo 70 anayetembea saa nzima kwa meti 3.5 hutumia kilokalori 245 hivi, zikiwemo 70 ambazo angezitumia hata bila kunyanyuka kitini.

Pasipo maabara, vipimo viwili hutosha. Cha kwanza ni idadi ya hatua kwa dakika: kwa watu wazima, hatua 100 kwa dakika hulingana kwa ukaribu na mwanzo wa kundi la wastani, na hatua 130 na mwanzo wa kundi kali. Cha pili ni mazungumzo: katika mwendo wa wastani mtembeaji huweza kuongea sentensi kamili lakini hawezi kuimba, katika mwendo mkali maneno hukatika kwa pumzi. Kipimo cha pili kina ubora ambao cha kwanza hakina, kwa sababu kinapima ukali kwa kulinganisha na uwezo wa mwenyewe. Mwendo wa kilomita 4 kwa saa ambao kijana wa miaka 20 hauhisi kabisa unaweza kuwa kazi nzito kwa bibi wa miaka 78 au kwa mtu anayepona nimonia. Kwa hao wawili kutembea ni zoezi kamili la moyo bila shaka yoyote. Kwa mkimbiaji wa marathoni wa Iten, Kenya, mwendo uleule ni mapumziko. Mabishano mengi kuhusu suala hili hutokana na kusahau tofauti hii.

Kutembea hutumia nishati kidogo kwa sababu ya umbo la mwendo wenyewe. Mguu uliokanyaga hufanya kazi kama pendulamu iliyogeuzwa: kiwiliwili hupanda juu yake na kupunguza kasi, kisha hushuka na kuongeza kasi, na sehemu kubwa ya nishati hubadilishana kati ya kimo na mwendo bila kudai kazi mpya ya misuli. Ubadilishanaji huu ni bora zaidi karibu na kasi ambayo watu huichagua wenyewe wasipoharakishwa, yaani kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kasi ikipanda juu ya hapo faida hiyo hupungua, na inapokaribia kilomita 7 kwa saa watu wengi huanza kukimbia bila kuamriwa, maana kukimbia sasa ndiyo nafuu. Kwa anayetafuta siha, funzo la kimakanika liko wazi: kasi ya starehe ndiyo kasi ya gharama ndogo kabisa, na zoezi huanza pale starehe inapoachwa kidogo.

Kwa upande wa aina, kutembea hugawanyika kwanza kwa makusudi. Kutembea kwa safari humfikisha mtu kazini, shuleni, kisimani au sokoni, na katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki ndiko kulikoenea kuliko kwingine kote. Matembezi ya burudani hayana mwisho maalumu. Matembezi ya ibada yana njia na idadi iliyowekwa. Katika Hija, kwenda kati ya Safa na Marwa mara saba hujumlisha zaidi ya kilomita 3. Matembezi ya mazoezi hupangwa kwa kasi na muda.

Kwa upande wa namna, aina tatu zinastahili kutajwa pekee. Mbio za kutembea ni mchezo wa riadha wenye sheria mbili: mguu usionekane kwa macho ukiachana na ardhi, na goti la mguu wa mbele linyooke tangu wayo unapogusa chini hadi mwili unapopita juu yake. Wanaume wa daraja la juu humaliza kilomita 20 chini ya saa moja na dakika 20, kasi inayozidi kilomita 15 kwa saa, ambayo wakimbiaji wengi wa kawaida hawaifikii. Mkenya Samuel Gathimba alipata medali ya shaba ya umbali huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Anayedai kwamba kutembea hakuwezi kuwa kazi kali hajatazama mchezo huu. Aina ya pili ni kupanda milima, ambako mwinuko huchukua nafasi ya kasi. Kwenye njia za Kilimanjaro wageni huenda taratibu sana, na bado mapigo ya moyo huwa juu, kwa sababu ya mwinuko na kwa sababu hewa ya huko ina oksijeni haba.

Aina ya tatu ni kutembea na mzigo, na hapa Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika elimu ya mwendo. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya: Waluo waliobeba mizigo kichwani, na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Makundi yote mawili yaliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila matumizi ya oksijeni kuongezeka, jambo lisilotokea kwa watu wasio na mazoea hayo. Utafiti wa Heglund na wenzake wa mwaka 1995 ulionyesha sababu: wakiwa na mzigo, wanawake hao waliboresha ule ubadilishanaji wa nishati wa pendulamu. Juu ya asilimia 20 gharama hupanda kadiri mzigo unavyozidi, na mizigo ya kuni na maji hufikia asilimia 70 ya uzito wa mbebaji. Hiyo ni kazi nzito kwa kipimo chochote, na ni haki iitwe hivyo. Pia ina madhara yake, hasa kwa shingo na uti wa mgongo.

Katika moyo na mishipa, ushahidi wa manufaa ulianzia kazini. Mwaka 1953 Jeremy Morris wa London alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi zamu nzima, walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa, na yalipowapata walikufa mara chache zaidi. Miaka 60 baadaye, mwaka 2013, Williams na Thompson walilinganisha maelfu ya wakimbiaji na watembeaji wa Marekani. Kwa kiasi kilekile cha nishati iliyotumika, pungufu la hatari ya shinikizo la damu, lehemu nyingi na kisukari lilikaribiana katika makundi yote mawili. Jambo lisilopaswa kupitwa haraka hapa ni sharti lenyewe: nishati ileile. Mtembeaji huhitaji muda mrefu zaidi kuifikia, pengine mara mbili.

Katika sukari ya damu, matokeo ni ya wazi kuliko mahali pengine popote. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka katika damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa udhaifu, na ndiyo maana matembezi mafupi baada ya mlo hushusha kilele cha sukari. Mpango wa kuzuia kisukari wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002 ukiwa na washiriki 3,234 waliokaribia ugonjwa, ulilipa kundi moja lengo la dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yakiwa zaidi kutembea haraka, pamoja na kupunguza uzito kwa asilimia 7. Kisukari kipya kilipungua kwa asilimia 58. Kundi lililopewa dawa ya metformini lilipata pungufu la asilimia 31.

Katika uzito, matarajio huzidi uwezo. Wahadza wa ukanda wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hutembea kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi, wanawake takriban kilomita 6 na wanaume takriban 11. Herman Pontzer na wenzake walipopima nishati yao na kuchapisha matokeo mwaka 2012, jumla ya matumizi ya siku, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili huelekea kubana matumizi kwingine. Kutembea peke yake, pasipo kubadili chakula, hupunguza uzito kidogo na polepole. Faida yake kwa moyo na sukari hupatikana hata mizani isiposogea, na ni kosa kuiacha kwa sababu ya mizani.

Mipaka ya kutembea inafuata misuli inayoachwa. Shavu la mguu, paja na nyonga hufanya kazi. Mikono, kifua na mabega karibu hayafanyi. Nguvu za misuli haziongezeki sana kwa mtu mwenye afya, kwa kuwa mzigo ni uzito wa mwili uleule kila siku. Mifupa hupokea kani inayozidi uzito wa mwili kidogo tu katika kila hatua, dhidi ya mara mbili hadi tatu katika kukimbia. Hilo ni afueni kwa magoti lakini ni kichocheo dhaifu kwa mfupa. Kwa sababu hizo miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 haitosheki na dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, ambazo kutembea kunaweza kuzijaza zote. Inaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi na, kwa wazee, mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu. Miongozo hiyo pia iliondoa sharti la zamani la vipande visivyopungua dakika 10, hivyo mwendo wa dakika nne hadi kituo cha daladala nao unahesabika.

Hatua 10,000 kwa siku hazina asili ya kitabibu; zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Katika utafiti wa I-Min Lee wa mwaka 2019, uliohusu wanawake wazee 16,741 wa Marekani, waliofikia hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wale wa hatua 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500.

Kutembea kazini kunahitaji tahadhari ya pekee katika kuhesabiwa. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2021, uliohusu watu zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba shughuli za wakati wa mapumziko ziliendana na hatari ndogo ya maradhi ya moyo, ilhali shughuli nzito za kazini ziliendana na hatari kubwa zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kazi ya saa nyingi, yenye kuinua vitu na isiyo na pumziko, huweka shinikizo la damu juu siku nzima. Mchuuzi anayetembeza bidhaa juani kutwa anatembea kwa wingi. Anachokosa ni pumziko, si zoezi.

Hospitalini kutembea hutumika kwa njia mbili. Kama tiba, ni msingi wa kumsaidia mgonjwa ambaye mishipa ya damu ya miguu imeziba: hutembea hadi maumivu yanapomlazimu kusimama, hupumzika, huendelea tena, na baada ya miezi michache umbali wake huongezeka. Kama kipimo, mgonjwa wa moyo au mapafu huambiwa atembee kwa dakika 6 katika ukumbi wenye urefu wa mita 30, naye hurekodiwa umbali aliofika. Kwa wazee hupimwa kasi ya kawaida, na kasi isiyozidi mita 0.8 kwa sekunde huchukuliwa kuwa dalili kwamba misuli imedhoofika.