Mazoezi ya taratibu ya Wachina

Mwezi uliopita mama yangu mkubwa aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Alhamdulillahi, hakuvunjika. Lakini tangu siku ile anaogopa kushuka, na khofu hiyo nayo ni maradhi.

Tangu 1964, madaktari wa China kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakitutibu hapa Zanzibar. Dawa zao tumezizoea. Taichi, mazoezi ya kwao, wengi wetu twaidhania ni kung fu ya sinema.

Kweli, asili yake ni mapigano, katika kijiji cha Chenjiagou, karne ya 17. Lakini mwaka 1956 Kamisheni ya Michezo ya China iliifupisha kuwa mitindo 24 ili raia wa kawaida waiweze. Mikono huenda taratibu, magoti hukunjwa kidogo, na uzito huhama mguu hadi mguu. Hivyo kila mguu huzoea kuubeba mwili peke yake, kama tupandapo ngazi.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki, miezi sita, walianguka mara chache kuliko walionyoosha viungo tu.

Unguja ina vikundi vingi vya mazoezi, ila bibi zetu wamebaki barazani. Taichi yafanyika uani, na dera lako mwilini. Mwenye presha au magoti mabovu amuulize daktari kwanza.

Mama mkubwa ameanza, mkono mmoja ukutani. Tumwombee, na tuwaanzishe wa kwetu. Hadi wiki ijayo, kwaherini.