Syokimau: nabii, nyoka na stesheni

Nimepotea kidogo, maandalio ya masomo yamenimaliza. Lakini jana asubuhi nilikuwa stesheni ya Syokimau nikingoja treni ya kuingia town, nikaona hili haliwezi kungoja wikendi. Watu tele, kila mtu na simu yake, hakuna anayeangalia kibao. Na jamani, kile kibao kina historia!

Haya, turudi nyuma. Syokimau alikuwa mwanamke, nabii wa Wakamba wa karne ya 19. Susu wangu husimulia kwamba aliona nyoka mrefu anayetema moto, upande mmoja yuko kwa bahari ya mashariki, upande wa pili kwa ziwa la magharibi. Aliona pia watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wanaobeba moto mfukoni. Moto wa mfukoni ni kiberiti. Nyoka je? Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Mombasa, 1899 ikafika Nairobi, 1901 ikafika Kisumu.

Nilipoyasema haya kwa discussion, jamaa mmoja akanikata: "Hiyo stori ilitungwa baada ya reli!" Darasa likacheka. Niliudhika, lakini swali lake si la kipuzi, maana utabiri huu uliandikwa vitabuni baada ya reli kuwepo.

Jibu langu ni hili. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu, misafara yao ikipeleka pembe za ndovu hadi pwani. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alifika Kitui akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa. Kwa hiyo habari za wageni na vitu vyao zilifika Ukambani miaka mingi kabla ya reli. Huenda nyoka alirefushwa na wasimulizi baadaye, sikatai. Lakini mwanamke aliyesikiliza habari za misafara na kuwaonya watu wake si hekaya tu. Huyo alikuwa anasoma nyakati.

Na onyo lilikuwa na maana. Machakos ilikuwa makao ya Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Reli ikaiacha kando, ikapita nyanda za Athi, na 1899 ofisi zikahamia Nairobi. Nyoka alipita mlangoni, lakini utajiri ukashukia kwingine.

Sasa ona. Novemba 2011 matingatinga yalibomoa nyumba za watu hapo Syokimau, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Mwaka mmoja baadaye, 13 Novemba 2012, Rais Kibaki akafungua stesheni hii. Mwaka 2017 nyoka wa pili, SGR, akaja kulala papo hapo. Mimi treni naipenda, inaniepusha na jam ya Mombasa Road. Ila nikikaa kwa kiti nawakumbuka waliolia hapo 2011.

Nikienda teaching practice, somo la reli sitalianza na tarehe. Nitaandika ubaoni jina moja, Syokimau, halafu niwaulize wanafunzi: nyoka alipofika, nani alishiba?

Wacha nilale, kesho nina mtihani saa mbili. Usiku mwema, makomredi.